Mgeni na Jiko Lake Pwani

  Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau mpaka siku linapowafika, nalo ni kujipikia chakula wakati mtu amekwenda kupumzika pwani pamoja na ahali zake. Naam, kujipikia, si kuketi hotelini ukaletewa sahani na mtumishi mwenye koti jeupe, bali kuwasha moto kwa mkono wako katika nyumba uliyoipanga kwa juma moja, iwe Diani au Watamu, Jambiani au Nungwi, Bagamoyo au Pangani, kisha ukala ulichokipika.

Watu wa bara wanaoteremka pwani siku hizi wanateremka kwa sahali kuliko wazee wao, maana tangu mwaka 2017 treni mpya huenda kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa sehemu ya siku tu, na vyombo vya kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, hata baba mwenye mshahara wa kadiri aweza kuwaonyesha wanawe bahari. Lakini hesabu ya malazi ni moja, na hesabu ya maakuli ni nyingine kabisa. Watu sita wakiketi mezani hotelini asubuhi, mchana na usiku, basi haifiki siku ya tatu ila baba huanza kumtazama kwa jicho la pembeni kila mtoto anayeagiza soda. Ndiyo maana wenye busara hutafuta nyumba yenye jiko.

Hapo sasa huzuka swali, na swali lenyewe ni la haki, nami najua kuna mama mahali fulani ambaye ameacha kukuna nazi ili asikie nitalijibu vipi. Je, mtu aliyepika mwaka mzima nyumbani kwake, akichukuliwa maili mamia ili akapike tena penye mchanga na upepo, huyo amepumzika nini? Baba anaogelea, watoto wanaogelea, naye yuko jikoni machozi yanamtoka kwa vitunguu. Je, hiyo ni likizo au ni uhamisho?

Wasikilizaji, nimelifikiri swali hili, na rai yangu ni kwamba taabu hiyo haitokani na kupika. Inatokana na kupika mambo ya bara mahali pa pwani. Tazameni jinsi watu wanavyofungasha: gunia la unga, maharage ya juma zima, nyama iliyogandishwa ambayo imekwisha kuyeyuka kabla ya kufika Voi, na orodha ya chakula cha kila siku iliyoandikwa nyumbani kabla bahari haijaulizwa lolote. Afanyaye hivyo ni sawa na mtu aendaye harusini na chakula chake kitambaani. Kisha hufika, akayateka maji ya kisimani, akabandika maharage tangu asubuhi, na alasiri yakawa bado yanagongana chunguni. Kwa nini? Kwa sababu maji ya visima vingi vya pwani hupita katika mawe ya matumbawe, yakachukua chokaa, na kisima kikiwa karibu na bahari yakachukua na chumvi. Na maharage yakichemshwa katika maji ya namna hiyo huwa kaidi, hayalainiki hata mkaa ukaisha. Chai nayo hutoka na ladha ambayo mgeni huidhania ni hila ya mwuza majani. Kwa hiyo maji ya kunywa na ya chai yanunuliwe mbali, na chumvi itiwe mwisho baada ya kuonja mchuzi. Ama maharage, yaachwe huko huko yalikozoea.

Neno langu la leo, nalo nitalirudia, ni hili: ukiwa pwani, iache bahari ipange utakachopika. Samaki aliyetoka majini leo hataki kazi nyingi. Anataka moto kidogo, chumvi kidogo, ndimu, na mtu asiyemsumbua. Mwenye kupika hivyo hatakaa jikoni zaidi ya muda wa kuiva wali.

Lakini bahari inapangaje? Inapanga kwa upepo na kwa mwezi, na mgeni asiyejua mambo haya mawili atashangaa kwa nini jana palikuwa na samaki tele na leo hakuna hata wa kunusa. Katika kaskazi, yaani tangu Desemba mpaka kiasi cha Machi, bahari hutulia zaidi, na wavuvi wakaweza kwenda mbali, wakarudi na nguru, jodari na kolekole. Kusi likishika, tangu Mei hivi mpaka Septemba, mawimbi huwa makubwa, ngalawa zikabaki ndani ya mwamba, na samaki wakawa haba na ghali. Basi wewe uliyechukua likizo yako Agosti usinune kwa kukosa nguru. Siku hizo ni siku za samaki wa ndani, tasi na changu na pono, ambao kwa ulimi wangu mimi hawazidiwi na nguru kwa lolote ila ukubwa.

Ama mwezi, huo ndio saa ya wavuvi. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu huwa bamvua, maji yakajaa sana na yakapwa sana, na katika mwambao wetu huu kupwa huko kukubwa huangukia kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo mwaonapo watu wametapakaa juu ya mwamba, wanawake na wanaume, na vijiti vyao na ndoo zao, wakitafuta pweza katika mashimo. Kwa hiyo, adhuhuri ya siku za bamvua, pweza yupo, naye ametoka majini saa hiyo hiyo. Ukimtaka siku za maji mafu, bahari isipokwenda mbali, utaambiwa hayupo, wala hujafichwa. Tena kuna vijiji vya Unguja na Pemba ambavyo hufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiambiwa mwamba umefungwa, usipeleke wanao kuchokorachokora huko, maana si uhodari, ni utovu wa adabu. Na dagaa je? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kali hupungua. Mnaona basi? Mwenye kujua mwezi uko wapi hujua kilichopo diko hata kabla hajavaa viatu.

Haya, tumefika diko, mahali vyombo vinapopanda pwani. Tunanunuaje? Kwanza tunasalimu. Nasema hili kwa kukusudia, kwa kuwa baadhi ya wageni hufika wamevaa nguo za kuogelea, wakaonyesha samaki kwa kidole na kuuliza bei, kisha wakalalamika kwamba wametozwa bei ya mgeni. Jifunge kanga au uvae shati, sema "shikamoo mzee" au "hamjambo", uliza habari za bahari, ndipo uulize bei. Samaki wakubwa huuzwa kwa mnada hapo mchangani, na wachuuzi hupandishiana upesi kuliko mgeni anavyoweza kufuata. Wewe ngoja mnada uishe, ukanunue kwa mchuuzi, faida yake ni halali yake. Samaki wadogo huuzwa kwa mtungo au kwa fungu, na mtungo mmoja wa tasi huwatosha watu wa nyumba ya kadiri kwa mchana.

Funua mashavu ya samaki: mekundu, ni mzuri, yakiwa ya kijivujivu, mpishe. Macho yawe yametuna na kung'aa, na nyama ukiibonyeza irudi mahali pake. Lakini nataka nikae kidogo juu ya jodari na vibua, maana hao wana jambo lao. Samaki wa jamii hiyo wakiachwa juani bila barafu, nyama yao hufanya sumu ambayo aghalabu hainuki wala haionekani, na iliyo mbaya zaidi, haiondolewi na moto. Utapika, utakaanga, utachoma, nayo ipo. Mlaji husikia uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, akadhani kuwa samaki amemkataa, kumbe samaki alikataliwa barafu. Basi jodari nunua kwa mwenye barafu, au chombo kinapofika mbele ya macho yako, na ukifika nyumbani usimwache juu ya meza huku mkienda kuoga.

Na samaki usiyemjua, uliza jina lake. Watoto wakiokota yule anayevimba kama mpira, huyo ni bunju, naye ana sumu ya kuua. Asiingie jikoni hata kwa kuchezewa. Wala asiingie kasa. Sheria inamlinda, na hata pasingekuwa na sheria, nyama yake mara nyingine huwa na sumu isiyojulikana kwa kuonja: mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walifariki kwa kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Mtu akikujia ufukweni kwa kunong'ona kwamba anayo, mwambie huna haja.

Sasa tuingie jikoni penyewe, na hapa naomba wasaa, kwa kuwa hapa ndipo pana utamu. Nyumba nyingi za kupangisha zina sufuria mbili zilizobonyea, kisu kisichokata hata mkate, na glasi nyingi mno. Hivyo, badala ya lile gunia la unga na yale maharage, chukua kisu chako kilichonolewa, na ukiweza, chukua na mbuzi ya nazi, ijapokuwa ya pili hii jirani yeyote wa kijijini atakuazima kwa furaha akiombwa vizuri. Viungo vikavu navyo usivitoe nyumbani; soko la Darajani mjini Unguja, ambalo jengo lake kongwe ni la mwaka 1904, lina iliki, mdalasini na pilipili manga zenye harufu isiyolingana na ile ya vikopo vya madukani.

Nazi ndiyo msingi wa yote. Ikune, utie maji kidogo ya vuguvugu, ukamue katika kifumbu: tui la kwanza, zito, ni kasimile, uliweke kando na ulilinde. Chicha inayobaki itie maji tena, ukamue tui la pili, na hata la tatu, na hayo mepesi ndiyo ya kupikia wali au mchicha au muhogo tangu mwanzo. Kasimile huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko usikome. Ukiliacha lichemke peke yake litakatika, mafuta huku na maji huku, na sura ya chakula ikaharibika ingawa tumbo halitajua.

Basi tupike samaki wa kupaka, kwa kuwa hakuna chakula cha pwani kinachomfaa mgeni kuliko hicho. Mchukue changu au tasi, mpare magamba, mtoe matumbo, umchanje ubavuni, umsugue chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa pamoja na pilipili mbichi kwa kadiri ya ujasiri wa watoto wako. Mwache atulie hivyo wakati moto unashika. Moto bora ni wa vifuu, navyo vipo tele hapo ulipokuna nazi. Vinawaka kwa nguvu, kisha vinatoa kaa jekundu lisilo na moshi mwingi. Huku samaki akiwa juu ya moto, mwenzako abandike kasimile na bizari kidogo, chumvi, pilipili na maji ya ukwaju, akoroge mpaka liwe zito na kushika mwiko. Kisha mpake samaki upande mmoja, umgeuze, umpake na wa pili, lile tui likaukie juu yake na kuanza kubadilika rangi. Ukiona linaungua pembeni kidogo tu, ipua. Wali uko tayari, kachumbari iko tayari, embe zipo ikiwa ni Desemba, na mpishi bado ana alasiri nzima ya kwenda baharini.

Pweza ni mwingine. Huyo hulainika kwa kupigwa na kwa kuchemka katika maji yake mwenyewe bila haraka, chumvi ikawekwa baadaye, na kazi yake si ya mtu aliye likizoni. Mimi nasema: mnunue pweza, umpelekee mama wa jirani na nazi zake mbili na ujira wake, akupikie, uje na bakuli jioni. Je, hiyo bado ni kujipikia? Kwangu mimi ni hivyo hivyo, maana soko umekwenda, samaki umechagua, na fedha imebaki kijijini. Na staftahi kadhalika! Sioni sababu mtu kuamka alfajiri likizoni kukanda unga, ilhali nyumba ya tatu kutoka hapo kuna mahamri moto na mbaazi za nazi, na nyumba ya nne vitumbua. Mpeleke mtoto na kikapu na sarafu; atajifunza na kusalimu.

Huko Diani na Lamu nyumba nyingi hupangishwa pamoja na mpishi, mgeni akatoa fedha za soko tu. Hao ni watu wenye ujuzi mkubwa, lakini aghalabu wamefunzwa na wageni kupika viazi vya kukaanga na kuku wa kupakwa chenga za mkate, nao wanadhani wewe nawe unataka hayo. Mwambie mapema, kwa heshima: "Mzee, tupikie unachopikiwa kwako." Utaona uso wake unavyobadilika. Na ukipata ruhusa, mkabidhi mpishi huyo wanao kwa saa moja awafunze kukamua tui, baba naye akiwemo; maana nimekwisha kusema kwamba chakula cha bahari hakina kazi nyingi, walakini hiyo kidogo iliyopo si faradhi ya mtu mmoja. Aliyekwenda diko asikosekane kwenye kupara magamba.

Wale watakaokuja katika mwezi wa Ramadhani wajue kwamba visiwani, na katika vijiji vingi vya mwambao, migahawa mingi hufungwa mchana, hivyo jiko la nyumbani ndilo litakalowafaa wasiofunga. Nao wale chakula chao ndani, kwa faragha, wasile njiani wala ufukweni mbele ya watu. Na jua likitua, msishangae mkibishiwa hodi na sinia iliyofunikwa kawa. Sinia hiyo hairudishwi tupu.

Neno la moto, kwa haraka. Seredani isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa ya mkaa huua mtu usingizini bila kumwamsha. Wala isiwekwe chini ya ukingo wa makuti siku za kusi, kwani cheche moja na upepo ule hazingoji mtu alete maji. Magamba na matumbo ya samaki yafukiwe mbali na nyumba, la sivyo paka wa mtaa mzima watafanya baraza kwenu usiku kucha.

Siku ya kuondoka wengi hutaka kuchukua samaki wa kupeleka nyumbani, na mimi siwazuii. Samaki mbichi bila barafu ya kutosha asifungwe safari ya bara. Heri ng'onda, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, ambaye hukaa majuma na hupikwa kwa tui kama kawaida, mradi aroweshwe kwanza ili chumvi ipungue. Ila afungwe katika magazeti, kisha katika kopo gumu lenye kifuniko, na atiwe chini ya basi, si juu ya kichwa cha abiria mwenzako. Maana kutoka Mombasa mpaka Nakuru ni mbali, na si kila mtu amekuja kuonja pwani kwa pua.

Saa ya ukutani inanionya kwamba muda wetu umekwisha. Juma lijalo, inshallah, saa kama hii, tutazungumza juu ya wali na namna ya kuuokoa ukiungua chini. Mpaka hapo, kwaherini, na aliyeacha nazi mbuzini arudi akaikune.